Umerudi Mbeya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaorejea jijini

Kila inapokaribia Nanenane, na tena Desemba shule zikifungwa, simu yangu haitulii. Mara ni binamu yuko Dodoma, mara rafiki niliyesoma naye anafanya kazi Lusaka, mara jirani wa zamani aliyehamia Dar. Wote wanarudi Mbeya na wote wanauliza yaleyale: waanzie wapi, watoto wapelekwe wapi, wabebe nguo gani, jiji limebadilika kiasi gani. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili niyajibu kwa kituo, maana kwenye simu nikiwa ndani ya daladala siwezi. Mimi ni mzaliwa wa Isanga. Niliondoka, nikakaa nje miaka tisa, nikarudi. Ninayoyaandika nimeyapitia kwa miguu yangu.

Mimi ni mwenyeji. Kutembelea vivutio si mambo ya wageni?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote. Na mimi niliamini hivyohivyo. Nilipoondoka Mbeya nilikuwa mtu mzima na sikuwa nimewahi kufika Ziwa Ngozi, ingawa nilipita Isongole mara nyingi nikienda Tukuyu kusalimia. Huko Dar mfanyakazi mwenzangu, mtu wa Tanga, akaniuliza Ngozi iko vipi. Nikamjibu kwamba unaliona ziwa vizuri tu ukiwa barabarani. Si kweli. Ziwa limo ndani ya kreta, msitu umelizunguka, hulioni mpaka upande hadi ukingoni. Siku nilipofika pale nikalikumbuka jibu lile na likaniuma, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtu kuhusu kwetu.

Mwenyeji huzoea, na akishazoea haoni. Lakini wiki mbili tatu za kwanza baada ya kurudi, una macho ya mgeni na kumbukumbu za mwenyeji kwa wakati mmoja. Unaona jinsi mlima Loleza ulivyosimama juu ya mapaa ya mtaa wa Uhindini. Pua inashika moshi wa mkaa wa asubuhi uliochanganyika na ubaridi, harufu ambayo Dar haipo. Unashangaa kwamba viazi vinauzwa kwa ndoo. Ukishamaliza mwezi, Loleza inageuka kuwa ukuta wa nyuma ya nyumba na unaanza kusema "nitapanda siku moja". Ndugu yangu, panda sasa.

Nianze kuzunguka siku hiyohiyo niliyofika?

Hapana, salimia kwanza. Aliyetoka safari akionekana sokoni Mwanjelwa kabla hajafika kwa mama mdogo, habari itamtangulia nyumbani. Siku mbili za mwanzo ni za wazee, wagonjwa na misiba iliyotokea ukiwa mbali. Hata kama ni mwaka umepita, nenda ukawape pole.

Na mwili nao unahitaji siku hizo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka pwani, kilima cha kawaida tu cha kwenda mtaa wa Forest kitakukata pumzi siku ya kwanza. Usiogope, hutulia. Jikoni pia utaiona tofauti: katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanachukua muda mrefu kuiva kuliko ulivyozoea kule chini. Wifi yangu aliyeolewa kutoka Kibaha alidhani ameuziwa maharage mabovu.

Nakuja kwa basi kutoka Dar. Kuna cha kuangalia njiani, au nilale?

Lala mpaka Mikumi, kisha amka. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na kwangu mimi kurudi Mbeya kunaanzia Kitonga. Pale basi linapoanza kupanda zile kona, na korongo likiwa chini yako, hewa ya dirishani inabadilika ndani ya dakika chache. Ilula utakuta vitunguu na nyanya vimepangwa barabarani. Nunua kama una nafasi, vitafika salama. Baada ya Iringa ni misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, halafu Makambako, ambako mara nyingi watu hutoa makoti kwenye mabegi.

Kuanzia Makambako ukipata kiti cha kushoto utafaidi zaidi. Kushoto ni safu ya milima, kulia ni tambarare ya Usangu yenye mashamba ya mpunga. Ukipita Igawa umeshaingia mkoa wa Mbeya. Chimala, Igurusi, Inyala, kisha Uyole, njiapanda ya kwenda Tukuyu, Kyela na Malawi. Ukiingia usiku, taa za jiji zimesambaa mlimani kama makaa. Sijawahi kufika pale bila moyo kushtuka kwa furaha.

Na treni au ndege?

Ndege inatua Songwe, uwanja uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, upande wa Mbalizi. Ule uwanja wa zamani wa katikati ya jiji hautumiki tena kwa safari hizo, usimwambie ndugu yako akakusubiri kule.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina stesheni yake Iyunga. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Ratiba za abiria hubadilika, kwa hiyo uliza stesheni kabla ya kufunga mizigo. Ikiwa inatembea na huna haraka, panda. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kina mahandaki na madaraja marefu, likiwemo la mto Mpanga lenye nguzo za mita 50 hivi, na basi haliwezi kukuonyesha hayo.

Nimekaa nje zaidi ya miaka kumi. Nitalitambua jiji?

Utalitambua kwa milima. Chini ya milima mengi yamesogea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji, ya 2022 ikahesabu 541,603. Maana yake ukingo wa jiji uliouacha sasa ni katikati. Mashamba ya mahindi uliyokimbizana ndani yake ukiwa mtoto kuna uwezekano mkubwa yana nyumba za bati jekundu.

Soko la Mwanjelwa lililoungua 2006 lilijengwa upya, jengo kubwa la ghorofa. Barabara kuu imewekewa mradi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, hivyo alama nyingi za kando ya barabara ulizokuwa ukimwelekezea mtu, kibanda hiki, mti ule, zimeondolewa. Uliza, usione haya. Mkoa wenyewe pia umepungua: Songwe ilijitenga 2016, kwa hiyo Vwawa, Tunduma na Kimondo cha Mbozi viko mkoa mwingine. Wazee wengi bado wanasema "Mbeya" wakimaanisha kote huko, nami sioni sababu ya kuwasahihisha.

Nizunguke kwa usafiri gani?

Daladala kwa barabara kuu: Uyole, Nanenane, Mama John, Soweto, Kabwe, Mwanjelwa, Mafiati, Iyunga, Mbalizi. Bajaji kwa mitaa ya kupanda. Bodaboda kwa aliye na haraka, na kofia ngumu kichwani, kwa sababu hii ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo na miteremko yetu haisamehe. Ukiwa na gari lako, mteremko wa Iwambi ushuke kwa gia ndogo.

Lakini katikati ya jiji tembea kwa miguu. Hilo nalisisitiza.

Huko katikati kuna nini, zaidi ya maduka?

Kuna hadithi ya jinsi tulivyopata mji. Shuka Sokomatola asubuhi, panda taratibu hadi Uhindini, upite Lupa Way. Jina la barabara hiyo ndilo ufunguo. Lupa ni mto na machimbo ya dhahabu upande wa Chunya. Dhahabu ilipogunduliwa huko miaka ya 1920, wachimbaji, wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa Kiingereza walihitaji mahali pa kukaa penye hewa nzuri, na mji ukaanzishwa 1927 chini ya Loleza, kwenye nchi ya Wasafwa. Kuhusu jina lenyewe, maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba limetokana na neno la Kisafwa "ibeya", yaani chumvi, kwa sababu watu walikuja hapa kubadilishana mazao na chumvi. Mji ulipata hadhi ya jiji 2005. Angalia majengo ya zamani yenye varanda na mapaa ya mteremko, soma miaka iliyoandikwa juu ya milango. Mengine yanavunjwa, hivyo usingoje.

Kuna jambo moja ambalo watoto wetu wengi hawalijui, na linanisikitisha kwamba hawalijui. Januari 1962, Nelson Mandela alipotoka Afrika Kusini kwa siri kutafuta msaada wa mapambano, mji wake wa kwanza kufikia Tanganyika ulikuwa Mbeya. Alilala hoteli ya hapa mjini. Akaona Waafrika na Wazungu wameketi kwenye varanda moja wanazungumza, kitu ambacho kwao kilikuwa marufuku. Nchi yetu ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu. Aliyempokea ni John Mwakangale, mbunge wa TANU, yule ambaye viwanja vya Nanenane vinaitwa kwa jina lake. Mara ngapi tumenunua miche na vifaranga John Mwakangale bila kumweleza mtoto huyo ni nani? Ukipita katikati ya jiji na kijana wako, simama umwambie.

Nipande Loleza au kilele cha Mbeya?

Inategemea miguu na muda wako.

Loleza ina mita 2,656, na ndio mlima unaouona ukifungua mlango. Kupanda na kushuka ni nusu siku kwa mtu wa kawaida. Kileleni kuna mitambo ya mawasiliano, kwa hiyo kabla ya kupanda uliza kwa serikali ya mtaa kuhusu ruhusa, wala usipige picha mitambo. Hata usipofika juu kabisa, ukifika kwenye majani baada ya miti umeshapata ulichokifuata: jiji lote limelala chini, unanyoosha kidole, ile Iyunga, ile Mwanjelwa, na ng'ambo mlima Rungwe umevaa wingu.

Kilele cha Mbeya kinazidi mita 2,800 na kiko nyuma zaidi. Njia moja huanzia upande wa Mbalizi kupitia mashamba ya kahawa ya Utengule, nyingine upande wa barabara ya Chunya. Hiyo ni siku nzima, na ni kazi. Ukingo wa mwisho ni mwembamba na upepo ni mkali. Chukua kijana anayeijua njia, umlipe vizuri, beba maji na koti la mvua hata kama jua limewaka. Nimewahi kupandia upande wa Mbalizi mwezi wa tano tukiwa wanne. Saa nne asubuhi mbingu safi, saa sita hatuonani. Tulikaa chini tukashikana mikono mpaka ukungu ukapita, kama nusu saa. Tangu hapo siendi bila kiongozi.

Kama unapanda mmoja tu na umetoka mbali, mimi ningekutuma Loleza. Ndiyo iliyokulea.

Ziwa Ngozi linafaa kwenda peke yangu?

Nenda na watu, na mkifika kijijini mchukue mwenyeji wa kuwaongoza. Kutoka Uyole ni barabara ya Tukuyu, unaingilia Isongole. Gari hufika mbali kidogo wakati wa kiangazi. Mvua zikinyesha, udongo wa pale huteleza kama sabuni na utatembea sehemu kubwa zaidi. Ndani ya msitu kuna ndizi mwitu na majani makubwa ya kangaga, kimya chake ni kizito, na mwinuko wa mwisho unapandwa kwa kushika mizizi. Halafu ghafla miti inaachana na ziwa liko chini yako, kijani kibichi, urefu wake karibu kilomita mbili na nusu. Maji yake hayana mto wa kutokea. Watu wa huku hupenda kusema umbo lake ni la ramani ya Afrika. Angalia mwenyewe uamue.

Ngozi ni kreta ya volkano, kama vile Rungwe, wenye mita karibu 2,960, ulivyo mlima wa volkano. Tawi la mashariki na la magharibi la Bonde la Ufa hukutana katika nchi hii yetu, ndiyo maana udongo wa Rungwe unaotesha chochote, na ndiyo maana ya maji moto, kreta na mitetemeko midogo tuliyozoea. Watu wa maeneo yale huliheshimu ziwa, na wapo wanaolitumia kwa dawa na tambiko. Usipige kelele wala kutupa chupa. Mwongozaji akikwambia usifanye jambo fulani, usibishane naye.

Nimerudi na watoto waliozaliwa Dar. Watafurahia wapi?

Daraja la Mungu, bila kusita. Ni jiwe la asili lililopita juu ya mto Kiwira, lililotokana na volkano, na mtoto wa miaka sita anaweza kufika. Karibu yake kuna Kijungu, mahali ambapo mto unaingia kwenye shimo la mwamba na kuchemka kama uji. Kipo ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, hivyo jitambulisheni getini na mshike watoto mikono, hapana mchezo na maji yale. Rudini kupitia mashamba ya chai. Mtoto aliyezoea chai ya pakiti akiona majani yake shambani anakaa kimya kidogo, kisha anauliza maswali mpaka nyumbani.

Siku nyingine wapelekeni Kimondo, barabara ya Tunduma, Ndolezi wilayani Mbozi. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, karibu mita tatu kwa urefu, sehemu kubwa chuma na kiasi cha nikeli. Lilitangazwa duniani 1930. Waache waliguse. Ni baridi asubuhi na linachoma mchana.

Nile nini ambacho sikukipata huko nilikokuwa?

Anza na ndizi. Si za kukaanga, za kupika, mbalaga, zilizoiva pamoja na maharage au nyama mpaka mchuzi ukawa mzito. Dar utauziwa ndizi zilizosafiri siku mbili. Hapa mkungu umekatwa jana Rungwe. Kisha wali wa mchele wa Kyela, na usiruhusu mtu akuwekee viungo vingi, mchele ule una harufu yake mwenyewe na ndiyo unayoitafuta. Ukimpata mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, mle kwa wali huohuo. Viazi mviringo vya milima ya Uporoto. Parachichi za Rungwe, ambazo zamani zilikuwa zikiozea chini ya miti na leo zinapanda meli kwenda Ulaya. Chai ya Rungwe ya maziwa, yenye tangawizi, saa moja asubuhi, kwa mama ntilie yeyote mwenye foleni ya madereva. Madereva wa malori hawakosei.

Kununua vya kupeleka, nenda Sokomatola au Mwanjelwa mapema. Soweto pana mazao kwa bei ya jumla. Viazi usinunue kwa lumbesa hata kama muuzaji anakusifia gunia. Lile furushi lililoongezwa juu ya mdomo wa gunia humkandamiza mkulima, na vipimo ni vya mizani. Bibi yangu alilima viazi. Namjua aliyekuwa akipata hasara.

Baridi ni kweli kama wanavyosema?

Juni hadi Agosti, ndiyo. Usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na Uyole na Uporoto ni zaidi. Sweta zito, soksi, koti la upepo. Mtoto avae kofia. Mvua ni Novemba hadi Aprili au Mei, wakati huo beba viatu vya kushika tope. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa milima: kavu, jua laini, na mijakaranda katika mitaa ya zamani imetoa maua ya zambarau.

Kitulo niende lini?

Desemba hadi Aprili, wakati wa maua. Ukienda Agosti utakuta nyasi na baridi, na utarudi ukisema watu wanatia chumvi.

Kitulo iko Makete, mkoa wa Njombe, lakini kwa sisi wa Mbeya ni ya kwenda na kurudi ukiamka alfajiri. Hifadhi ilianzishwa 2005, ina kilomita za mraba 412.9 na aina 45 za okidi. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Njia inayosisimua zaidi ni ya Chimala kupanda Matamba, ile ya Hamsini na Saba, kona 57 kwa hesabu, kwa gari imara na dereva asiye na papara. Nyingine hutokea Isyonje, barabara ya Tukuyu.

Nataka ujue kwa nini hifadhi ile ipo. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Maua yalikuwa yanakwisha. Ukiyaona leo yamejaa bondeni, meupe, ya njano, ya zambarau, ujue ni kwa sababu kuna watu walisema inatosha. Usichume hata moja. Katika misitu ya upande huo na ya Rungwe anaishi pia kipunji, kima ambaye wanasayansi walimfahamu 2003 tu, wakati wawindaji wa vijijini walikuwa wakimtaja jina tangu zamani.

Matema je?

Nenda, ulale. Ni kilomita 140 hivi, kupitia Kyela, na kwenda na kurudi siku moja ni kujichosha bure. Ufuko wa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone inayoshuka hadi majini, na vyungu vya Wakisi. Nunua chungu kutoka kwa mama aliyekifinyanga.

Jumapili jioni kuna nini?

Kama ligi inaendelea, uwanja wa Sokoine. Kaa jukwaa la wazi. Mbeya City walipopanda ligi kuu msimu wa 2013/14 wakamaliza nafasi ya tatu, na mji mzima ulivaa zambarau. Mimi sikuwepo, nilisikiliza redio chumbani Tabata nikiwa nimesimama.

Kiswahili changu kinatosha, au nisalimie kwa lugha ya nyumbani?

Kiswahili kinatosha kila mahali. Lakini kama wewe ni Mnyakyusa na mbele yako ni bibi wa Tukuyu, sema "mugonile", kwa heshima ya wingi, na akikupa kitu jibu "ndaga fijo". Uchutame kidogo unapompa mkono. Kwa Wasafwa, Wandali, Wanyiha na Wasangu nako kila nyumba ina salamu yake, mwombe mzee akufundishe upya kama umesahau. Hakuna atakayekucheka kwa kujaribu. Nimeona mzee akifuta machozi kwa sababu mjukuu kutoka Dar alimwamkia kwa Kindali.

Mama yangu ni mzee, magoti yanamsumbua. Na yeye ataona nini?

Swali hili huwa linakuja mwishoni, nusu kwa aibu, kana kwamba mzee ni mzigo wa safari. Mweke kiti cha mbele. Chukueni barabara ya Chunya, siku hizi ni lami. Inapanda kupitia msitu wa Kawetere, na chini ya saa moja mnafika mahali ambapo ardhi inaishia na Usangu yote iko chini, hadi macho yanaposhindwa. Egesheni mahali papana, nje ya lami kabisa. Bebeni blanketi, kiti cha plastiki, na chupa ya chai.

Nilimpeleka mama pale mwaka niliorudi. Nilidhani nimempeleka kuangalia mandhari. Alikaa kimya muda, kisha akanionyesha kwa kidole mahali fulani kwenye ile rangi ya kahawia na kusema walishuka pale kwa miguu na baba yake, yeye akiwa na miaka tisa, kufuata mchele, wakalala njiani usiku mmoja. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nikamuuliza walikula nini, nani mwingine alikuwepo, waliogopa? Alijibu yote. Chai ikaisha, tukaendelea kukaa.

Nendeni asubuhi, kabla ya saa nne, ukungu haujapanda.